Mkono wa Golikipa katika Nchi ya Semekana

Waliofika Semekana hawajawahi kukubaliana nchi hiyo iko upande gani wa dunia, na kila mmoja anaapa kwamba njia aliyopita yeye ndiyo yenyewe, kwa hiyo hapo tusipoteze muda. Tuseme tu kwamba Mwasiti Kilindo alifika, siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa na begi moja, kopo la samli na hamu ya miaka tisa.

Kwao Mwasiti alikuwa mpimaji wa pamba katika chama cha ushirika. Miaka kumi na saba amesimama mbele ya mzani, na kama kuna kitu alikuwa hakivumilii ni mkulima kumtajia uzito wa gunia kabla halijapandishwa. "Weka tuone," ndilo lilikuwa neno lake. Wenzake walimtania kwamba hata salamu yeye huipima kwanza ndipo aitikie. Sasa mtu wa namna hiyo kwenda Semekana, jamani, ni mtihani.

Alikwenda kwa ajili ya mdogo wake, Hemedi. Mama yao alipofariki, Mwasiti alikuwa na miaka kumi na tisa na Hemedi mitano, akamlea yeye, akamsomesha yeye, na mipira yake ya kwanza ya matambara akamfungia yeye kwa kamba za magunia. Mtoto akakua, akawa golikipa, akachukuliwa na timu ya Nungunungu ya Semekana, na tangu siku hiyo hawakuonana. Miaka tisa anasikia sifa zake, hajamwona akidaka hata mpira mmoja. Mgeni Semekana hupewa siku sita. Katika hizo sita kulikuwa na Jumamosi moja, na Jumamosi hiyo Nungunungu wangecheza na mahasimu wao, Kware. Mwasiti hakutaka makubwa. Alitaka akae jukwaani, amwone Hemedi kadaka, amgeuzie uso mtu aliye pembeni yake na kumwambia, "Yule pale ni mdogo wangu." Basi, arudi kwao.

Ofisa wa mpakani hakumwomba pasi. Alimwuliza, "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu. Ndiyo kwanza nafika."

Ofisa alimtazama kwa huruma, akaandika kwenye daftari lake: mgeni, hajasikia kitu. Kisha akamfundisha kwamba hiyo ndiyo salamu ya nchi, na huitikiwa "Nimesikia hivyo hivyo," hata kama hujasikia lolote, maana kumwacha mwenzako peke yake na habari yake ni utovu wa adabu.

Wageni kule hugawiwa wenyeji kwa kura, na kura ya Mwasiti ikaangukia kwa Bi. Sikitu, mjane wa makamo, mnene, mcheshi, shabiki wa Kware tangu angali msichana. Nyumba yake ilipakwa rangi ya hudhurungi ya Kware mpaka ndani ya makabati. Alimpokea mgeni vizuri, akamwandalia uji wa ulezi na viazi vitamu, akasikiliza habari za mdogo mtu kwa utulivu, na aliposikia ni golikipa wa Nungunungu akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, hilo si kosa lako," akasema. "Kula."

Mwasiti alipomaliza kula aliomba aelekezwe kambi ya Nungunungu ilipo, akamsalimie Hemedi. Bi. Sikitu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wiki hiyo ilikuwa Wiki ya Kutoona. Kwa sheria ya Semekana, siku saba kabla ya mechi timu zote mbili hufungiwa ndani ya uzio mrefu wa matete, na kuchungulia ni kosa. Barua zinaruhusiwa, macho hayaruhusiwi. Hata maduka ya miwani hufungwa.

"Lakini kwa nini?" Mwasiti aliuliza.

"Ukishaona, utajadili nini tena?"

Jioni hiyo mwenyeji wake akamchukua kwenda kutembea kwenye Ukuta wa Wote, ambako ndiko watu wa Semekana huenda kama wengine waendavyo sokoni. Ni ukuta mrefu wa mawe, umefunikwa vikaratasi toka chini hadi juu. Yeyote anaweza kubandika karatasi, kwa masharti mawili tu: asiandike jina lake, na awe amejivika gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Wasomaji nao huchovya dole gumba katika bakuli la maji mekundu ya rozela na kugonga muhuri mwekundu kwenye karatasi iliyowapendeza. Iliyopata madole mengi hupandishwa juu ambako itaonekana zaidi, na kwa kuwa inaonekana zaidi hupata madole mengi zaidi, na watu wa kule husema huo ndio ushahidi. Mwasiti aliona gunia moja likimwita gunia jingine kwa jina, wakaulizana hali za watoto, wakabandika karatasi zao na kuagana.

Karatasi iliyokuwa juu kabisa siku hiyo ilikuwa nyekundu tupu kwa madole, lakini maandishi yake yalisomeka: Golikipa wa Nungunungu kavunjika mkono.

Mwasiti alirudi nyumbani hajui kakanyaga wapi. Lakini kabla ya chakula cha jioni mlinzi wa uzio alileta barua, na mwandiko aliutambua hata kabla ya kuifungua, maana yeye ndiye aliyemshika mkono Hemedi akimfundisha herufi. "Dada, shikamoo," barua ilisema. "Nimeambiwa umefika. Mimi mzima kabisa, leo nimedaka mipira mia na ishirini. Jumamosi nitakutafuta jukwaani kwa macho. Wako, Hemedi Kilindo." Mwasiti aliibusu ile karatasi, akashusha pumzi, akamwonyesha mwenyeji wake kwamba habari ya Ukutani ni uongo na mambo yamekwisha.

"Yamekwisha vipi?" Bi. Sikitu alisema. "Hata Baraza halijakaa."

Hapo ndipo mgeni alipoelezwa sheria iliyo mama wa sheria zote za Semekana. Tetesi ikishapata madole elfu moja huenda mbele ya Baraza la mashabiki wa timu pinzani. Baraza likiithibitisha, aliyetajwa anapaswa kuishi kama ilivyosemwa, na utekelezaji ni papo hapo. Msimu uliopita mashabiki wa Nungunungu walithibitisha kwamba kocha wa Kware amepotewa na sauti, naye akafundisha mwaka mzima kwa ishara za mikono, timu ikashika nafasi ya pili. Kuna beki wa miaka ishirini na mitatu aliyethibitishwa kuwa na hamsini. Sasa watoto wanamwamkia barabarani, anaombwa kusuluhisha ndoa, na inasemekana anafanya vizuri. Mwingine alithibitishwa kuwa amegombana na mkewe, na ikawalazimu, maskini, wakae chini watafute cha kugombania.

"Na mtu aliyevunjika mkono?" Mwasiti aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Anafungwa bandeji ngumu, wiki sita. Fundi wa viungo hukaa mlangoni na ndoo yake ya unga wa plasta." Bi. Sikitu alimtazama mgeni wake, akaona sura ilivyobadilika. "Mwanangu, Kware hawajamfunga Nungunungu mwaka wa sita huu. Mwaka wa sita. Nikisema nakuonea huruma, nasema kweli. Nikisema sitaki mdogo wako afungwe bandeji, nitakuwa naongopa."

Baraza lilikaa Alhamisi asubuhi, katika ukumbi usio na madirisha, ili mjumbe asije akaona kitu kwa bahati mbaya. Mwasiti aliruhusiwa kukaa benchi la nyuma kama mgeni wa Bi. Sikitu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Hakika, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kutuliza, na ilionekana wazi anaipenda kazi yake.

"Ndugu wajumbe," alianza, "tunayo karatasi isiyo na jina. Huo ni mwanzo mzuri. Mwenye jina ana ndugu, ana majirani, ana timu anayoshabikia, ana deni la fadhila huku na kule. Asiye na jina hana chochote. Mtu asiye na chochote atadanganya kwa faida gani?"

Ukumbi mzima ukaguna kwa kuridhika. Kibwana muuza nyama akasimama, kifua mbele. Alisema shemeji ya rafiki yake alipita karibu na uzio wa matete siku ya Jumatatu akasikia mlio, kah, kama mfupa. Mwanamke mmoja wa mbele akapinga kwamba huo ulikuwa mlio wa kuni zikipasuliwa.

"Kuni gani zinapasuliwa saa saba mchana?" Kibwana aliuliza.

"Wewe ulisikia?"

"Sikusikia. Lakini nilisimuliwa vizuri sana."

Mwanamke akakiri kwamba yeye hakusimuliwa vizuri kiasi hicho, akakaa. Basi mjadala ukapamba moto. Kuna aliyesema mtu mwenye mkono mzima haandikwi Ukutani, kwa hiyo kuandikwa kwenyewe ni dalili ya ugonjwa. Kuna aliyesema Nungunungu wamekaa kimya tangu karatasi ibandikwe, na kimya ni kukiri. Akakumbushwa kwamba wamefungiwa ndani ya matete kwa sheria. Akasema basi wamekaa kimya kwa ustadi zaidi.

Mwasiti alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda. Akasimama, barua mkononi. "Mwenyekiti, naomba tuweke tuone. Hii hapa barua ya huyo huyo golikipa, kaiandika jana. Mtu aliyevunjika mkono anaandikaje?"

"Jina lako nani, mama?" Bwana Hakika aliuliza kwa upole.

"Mwasiti Kilindo. Mimi ni dada yake."

Guno lililotoka ukumbini lilikuwa la watu wanaomwona mwenzao akijimwagia maji machafu. Bwana Hakika aliipokea barua kwa ncha za vidole, akaisoma, akafika mwisho, akafumba macho.

"Ina sahihi," akasema. "Ndugu wajumbe, nasikitika. Ameandika jina lake chini, lote, wazi kabisa." Akairudisha. "Mama, una jina, una udugu, na unasema unajua. Siwezi kukusaidia. Hata ungesema jua linachomoza mashariki ningelazimika kuahirisha."

Kikao kikarudi kwenye jambo la maana: ni mkono gani. Upande wa kulia wa ukumbi ulitaka wa kulia, upande wa kushoto ukang'ang'ania wa kushoto, wakabishana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mwishowe, ili kuondoa mfarakano ndani ya klabu, Kibwana akapendekeza mikono yote miwili. Pendekezo lilipokewa kwa makofi, na kura ikapangwa kupigwa Ijumaa alasiri. Mwasiti akitoka alimwona fundi wa viungo mlangoni, anaongeza unga kwenye ndoo.

Alifika nyumbani akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni, akalia. Hakulia kwa sababu ya mechi. Alilia kwa sababu ya ile mikono, ambayo aliijua tangu ikiwa midogo ya kushika kidole chake kimoja tu, na sasa watu wazima wamekaa wamepanga kuipigia kura ihesabiwe imevunjika, tena kwa furaha, bila hata chuki. Bi. Sikitu alimenya ndizi kwa muda mrefu kuliko ndizi zilivyohitaji.

"Shida yako ni moja tu," hatimaye alisema, bila kugeuka. "Una jina. Na Dirisha linafunguliwa kesho saa mbili. Mimi sijasema kitu."

Dirisha la Majina liko nyuma ya Ukuta wa Wote. Mtu anayetaka kubandika karatasi, kumbe, hawi hivi hivi tu bila jina. Anakwenda kwanza dirishani, analiacha jina lake kwa karani, karani analiandika kwenye kadi, anaifungia katika sanduku, ndipo anapewa gunia. Kwa hiyo yuko mtu mmoja Semekana anayejua kila tetesi imetoka kwa nani, na mtu huyo, Karani Shogholo, ni mtu wa maneno mengi ajabu, na saa za chai hukaa na watu. Nchi nzima inajua nani kaandika nini. Lakini kwa sheria hajulikani, na watu wa Semekana ni watiifu sana kwa sheria.

"Masharti ni haya," Karani Shogholo alimwambia Mwasiti akiandika. "Jina likiwa humu, wewe si mtu fulani. Ukijulikana ni nani kabla hujalichukua, karatasi yako inaanguka, na ile uliyoipinga inasimama bila kura nyingine. Dirisha nafunga leo saa sita, nafungua Jumatatu."

"Kwa hiyo kesho uwanjani sitaweza kusema Hemedi ni ndugu yangu?"

"Kesho uwanjani huna ndugu, mama."

Mwasiti alisimama pale huku foleni nyuma yake ikikohoa. Alikuwa amesafiri njia yote ile kwa sentensi moja tu, na sasa anaombwa aiweke sandukuni. Tena, kuandika jambo lisilopimwa, yeye, Mwasiti wa mzani. Ilimuuma, tusifiche. Lakini aliikumbuka ile ndoo. Akasema, "Andika." Akavaa gunia, ambalo kwa harufu tu alijua lilikuwa la karanga, akashika kalamu.

Aandike nini? Kusema mkono ni mzima asingeaminiwa, kwa sababu hakuna aliyetaka uwe mzima. Alimkumbuka Hemedi mdogo, aliyekuwa hanywi dawa ukimwambia ni nzuri, lakini ukimwambia ni ya mtu mwingine aliitaka yote. Akaandika: Habari ya mkono wa golikipa wamebandika Nungunungu wenyewe, ili Kware walale.

Aliibandika chini kabisa, karibu na majani. Alipogeuka alisikia dole la kwanza likigongwa, na la pili. Saa nne karatasi ilikuwa usawa wa kifua. Saa saba ilikuwa juu kabisa, nyekundu kama mwenzake, na Kibwana muuza nyama alikuwa amesimama mbele yake na mikono kichwani.

Baraza la Ijumaa lilikuwa jingine kabisa. Watu wale wale, benchi zile zile, lakini kila mmoja sasa alikuwa ameshtukia mchezo tangu mwanzo.

"Nilijua," Kibwana alisema. "Kah, saa saba mchana? Nani anavunjika mfupa saa saba mchana? Zile zilikuwa kuni."

"Wametaka tumfunge bandeji," mwanamke wa mbele aliongeza, "kisha wamlete golikipa wa akiba ambaye hatujamsikia. Mtu hujamsikia, utajipangaje?"

Bwana Hakika alipima karatasi zote mbili, moja kila kiganja, na uso wake ulikuwa na raha ya mtu aliyekutana na kazi ngumu. Zote mbili hazina jina, akasema. Zote zina madole. Lakini ya pili imesema jambo baya zaidi juu ya mahasimu, na katika shaka, Baraza limekuwa siku zote likiegemea lililo baya zaidi. Kura ikapigwa. Ikathibitishwa kwamba mikono ni mizima, yote miwili, na kwamba Nungunungu ni waongo. Wajumbe walitoka wakipongezana kwa kuukwepa mtego, na fundi wa viungo alimwaga ndoo yake mtaroni akinung'unika.

Jumamosi uwanja ulijaa hadi juu ya paa la vyoo. Mwasiti aliketi upande wa Kware, katikati ya Bi. Sikitu na Kibwana, hana jina, kinywa kakibana. Nungunungu walipotoka akamwona. Hemedi alikuwa amekua mrefu, mabega yamejaa, lakini mwendo ule ule wa kurusha miguu kama aliyechelewa shule. Alikuwa akiyatazama majukwaa, safu kwa safu, akimtafuta, na Mwasiti hakuweza hata kumpungia.

"Nani yule golini?" alimwuliza Bi. Sikitu, ili tu asikie jibu.

"Wanamwita Hemedi," Bi. Sikitu alijibu taratibu. "Sijui ana ndugu."

Mpira ukaanza, na hapa kuna jambo ambalo Mwasiti alikuja kulisimulia zaidi ya mengine yote. Kwa dakika kumi za mwanzo mashabiki wa Kware walitazamana wao kwa wao, kama walivyozoea, wakiulizana wamesikia nini. Kisha Hemedi akaruka akautoa mpira uliokuwa umekwishaingia, mtu yeyote angeapa umeingia, na jukwaa zima likageuza vichwa. Hawakuvirudisha tena. Akadaka wa pili, akapangua wa tatu kwa ncha za vidole, na Kibwana, ambaye juzi alikuwa amependekeza mikono ile yote miwili ihesabiwe imevunjika, alijikuta amesimama. "Mikono gani ile?" akasema kwa sauti ndogo.

Dakika ya themanini na sita, sifuri kwa sifuri, Kware wakapata penalti. Miaka sita yote ilikuwa pale kwenye kile kidoa cheupe. Mshambuliaji wao, Chande, mrefu mwembamba asiyekosaga, akaweka mpira, akarudi nyuma, akapiga kushoto chini, penyewe. Hemedi akaenda kushoto chini. Hakuupangua. Aliudaka, akaukumbatia kifuani, akabaki amelala nao chini.

"Mdogo wangu huyo! Nimemlea mimi!"

Alikuwa Mwasiti, amesimama juu ya benchi, mikono hewani. Lilimtoka. Na mara alipolisikia likiwa nje akajua alichofanya, akashuka polepole, jukwaa zima la Kware linamtazama. Chini karibu na mstari wa chaki wa uwanja, fundi wa viungo alikuwa amekwishainuka na kifuko chake cha unga. Bwana Hakika akaja akipanda ngazi, kitabu cha sheria kwapani, Karani Shogholo nyuma yake.

"Kuna kauli imetolewa," Bwana Hakika alisema. "Nani aliyeitoa?"

Wajumbe wote wa Baraza walikuwa pale. Wote walimsikia Alhamisi akijitaja jina, la kwake na la baba yake. Kibwana aliangalia mawingu. Mwanamke wa mbele akaanza kutafuta kitu kwenye pochi.

"Bi. Sikitu," Bwana Hakika aliuliza, "huyu aliyekaa pembeni yako, unamjua?"

Bi. Sikitu alikuwa amelala nyumba moja na Mwasiti siku tatu, amemlisha, amemfutia machozi. Alikuwa amesubiri miaka sita. Bandeji mbili tu na dakika nne zilizobaki zingetosha Kware kushinda. Akamtazama Hemedi kule chini, anayejipangusa vumbi viwikoni, akamtazama Mwasiti kutoka unyayoni hadi utosini.

"Sijapata kumwona maishani mwangu," akasema.

"Kibwana?"

"Mimi simjui kabisa. Wala sijawahi kusimuliwa."

Bwana Hakika akamgeukia karani. "Jina lake liko wapi?"

"Sanduku la saba, Mwenyekiti. Ufunguo ninao mimi."

"Basi hakuna mtu aliyepiga kelele," Bwana Hakika alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alitabasamu. "Kuna kauli tu, isiyo na jina, kwamba golikipa wa Nungunungu ana dada, na dada huyo yumo jukwaani kwetu. Nani anaiwekea dole?"

Hapakuwa na bakuli la rozela. Bi. Sikitu alichukua chupa ya juisi ya mtu aliye mbele yake, akachovya, akagonga dole kwenye ukurasa wa kitabu. Kibwana akafuata. Chupa ikapita safu kwa safu, watu wakipanda migongo ya wenzao kufikia kitabu, na katika historia ya Semekana haijawahi kutokea tetesi iliyopata madole elfu moja upesi kiasi kile, wala Baraza kukaa likiwa limesimama. Bwana Hakika akapokea kipaza sauti, akasoma uamuzi kwa sauti yake ya kutuliza. Imethibitishwa kwamba golikipa ana dada, upande wa Kware, safu ya tano. Aishi hivyo. Utekelezaji ni papo hapo.

Hemedi alisikia. Alibaki ameduwaa na mpira mkononi, macho yakihesabu safu, moja, mbili, hadi ya tano. Kisha akauweka mpira chini kwenye nyasi, pale pale mbele ya goli, akakimbia. Alivuka uwanja mzima akirusha miguu, akaruka uzio, na mashabiki wa Kware wakampisha na kumpandisha kwa kumsukuma mgongoni.

"Shikamoo, dada," alisema, akihema.

"Marahaba," Mwasiti alijibu, na lingine lolote halikutoka. Aliishika mikono yake yote miwili, akaigeuza, akaipitia kidole kimoja kimoja mpaka cha mwisho, huku analia na kucheka kwa pamoja, na watu wa safu ya nne walikuwa wamegeuka kinyumenyume wanatazama wazi wazi bila aibu.

Kule chini refa alikuwa hajapiga filimbi, kwa sababu kitabu chake hakikuwa na lolote juu ya jambo hili. Chande wa Kware alikuwa amesimama hatua mbili kutoka mpira ulipo, goli tupu mbele yake. Akauendea. Akauwekea mguu juu, akainua macho kulitazama jukwaa lake, na jukwaa zima, watu elfu na zaidi, likamwonyesha kiganja: ngoja. Chande akangoja, mikono kiunoni.

Hemedi akakumbatiwa, akapewa maji, akashuka, akarudi golini akijifuta uso kwa jezi. Chande akamsukumia mpira taratibu hadi miguuni. Bi. Sikitu alimvuta Mwasiti akae, akamzungushia mkono begani, kisha akajaza kifua pumzi na kuwapigia kelele vijana wake wote kumi na mmoja.

"Haya, amekwisha kumwamkia dada yake. Sasa mfungeni!"